Misumari ya Jumapili

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, tafuteni pa kukaa. Aliye jikoni avute kigoda. Aliye kazini aegemee kidogo, bosi akiuliza mwambieni mimi ndiye niliyesema. Mmekaa? Haya. Sasa gusa hicho kiti ulichokalia. Kuna mtu alikifunga mikanda, akakijaza sponji, akavuta kitambaa mpaka kikanyooka. Humjui, naye hajawahi kukuuliza kama umekaa vizuri. Leo tunamkumbuka mmoja wa watu hao.

Walimwita Springi. Alikuwa fundi makochi. Alifariki wiki tano zilizopita, akiwa na miaka hamsini na moja. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: fundi makochi, miaka hamsini na moja, wiki tano zilizopita. Ugonjwa uliomuua ulikuwa kwenye moyo. Lakini haukuanzia kwenye moyo. Ulianzia kwenye fizi, hii nyama inayoshika meno.

Najua kuna mtu ameshacheka. Hata mimi nilipoambiwa mara ya kwanza nilidhani mtu anatia chumvi. Aliyeniambia ni mjane wake, Mama Mapacha. Ndiye aliyeomba kipindi hiki. Alisema, "Ukilisimulia kwa kuliremba, usinitaje. Ukilisimulia kama lilivyokuwa, nitakuja mwenyewe nikae hapo." Amekuja. Yuko mbele yangu hapa studio, ameshika kikombe cha maji ambacho hajakigusa kwa midomo.

Basi tuanze kwenye karakana. Ilikuwa nyuma ya duka la rangi, chumba kirefu chenye dirisha moja na mlango wa mabati. Ukiingia, kushoto kuna makochi yaliyovuliwa nguo, mbao tupu, springi zimechomoza. Kulia kuna cherehani ya mwenzake, mama mmoja mwenye miwani ya kuning'iniza shingoni wanayemwita Bi Cherehani. Yeye anashona, Springi anapigilia. Na katikati ya chumba, Springi mwenyewe, amepiga magoti, nyundo mkononi, mdomo umejaa misumari.

Naomba hilo mlishike. Mdomo umejaa misumari. Ndivyo mafundi makochi wa zamani wanavyofanya kazi. Mkono wa kushoto unavuta kitambaa, wa kulia umeshika nyundo, na hakuna mkono wa tatu. Basi ile misumari midogo, thelathini, arobaini, inakaa shavuni. Ulimi unachagua mmoja, unausogeza mpaka kwenye midomo, kichwa mbele. Nyundo ina sumaku. Inaunyakua, ta! Umeingia. Mwingine, ta! Springi aliweza kumaliza mgongo mzima wa kochi huku anapiga soga, na asimeze hata mmoja.

Wateja walimpenda kwa mdomo wake huo huo. Mtu analeta kochi limebonyea katikati. Springi analizunguka, analikalia kwa uzito wake wote, anadunda mara tatu. Ndiko lilikotoka hilo jina. Halafu anawageukia wenye mali. "Kochi hili halijachoka, limeonewa. Nani pale kwenu akifika nyumbani anajitupa?" Mume anaangalia viatu vyake. Mke anacheka mpaka anatafuta pa kushika.

Sasa turudi nyuma kidogo. Springi alilelewa na dada yake mkubwa, maana mama yao aliondoka mapema. Dada huyo anaukumbuka mwaka ambao mdogo wake alikuwa na miaka tisa.

"Alianza na koo," anasema. "Koo likapona. Wiki chache baadaye magoti yakavimba. Mara kifundo cha mguu, mara kiwiko. Nilikuwa namweka mgongoni kumpeleka chooni, miaka tisa yule, miguu inaburuza. Daktari akamsikiliza kifua, akasema homa imepita lakini imeacha kovu kwenye moyo. Akasema tusiache kumrudisha."

Nikamwuliza, mlimrudisha?

"Mwaka mmoja, miwili. Halafu akaanza kucheza mpira. Mtoto anakimbia kuliko wenzake, utaanzia wapi kumwambia habari za moyo?"

Basi hilo nalo lishikeni. Ndani ya moyo kuna milango midogo, inafunguka damu ipite, inafunga damu isirudi. Mmoja wa milango hiyo, kwa Springi, ulibaki na kovu. Alikua, akajifunza ufundi, akaoa, akapata mabinti mapacha. Habari ya moyo hakuna aliyeigusa tena. Ikawa hadithi ya utotoni, kama ya kuanguka kwenye mti.

Damu ilianza kama miaka minne iliyopita. Akipiga mswaki asubuhi, povu linatoka na wekundu. Akiuma kitu kigumu, anaacha alama. Fizi zikavimba, kisha zikaanza kurudi nyuma, meno yakaonekana marefu. Harufu ya kinywa ikabadilika. Mkewe akaanza kulala ameelekea ukutani, na hakusema kwa nini.

Lakini kule karakana, damu mdomoni haimshtui mtu. Muulize fundi makochi yeyote wa zamani. Msumari umechoma ufizi, unasukutua kwa maji ya chumvi, unaendelea na kazi. Na kitambaa cha mteja kikidondokewa damu, wana dawa yao: unatemea doa mate yako mwenyewe, unasugua. Bi Cherehani ndiye aliyewafundisha wote pale. Kwa wanaoshona, damu yako inatolewa na mate yako, hawana mjadala.

Siku moja walikuwa na kochi la kitambaa cheupe. Tone likaanguka kwenye mkono wa kochi. Springi akatema misumari kiganjani, akainama, akatemea lile doa, akasugua kwa kidole. Doa likapanuka. Akatemea tena. Likapanuka zaidi, sasa lina ukubwa wa kisosi. Mate yenyewe yalikuwa damu.

"Sijawahi kumwona Springi kakosa neno," anasema Bi Cherehani. "Siku hiyo alikosa. Nikamwuliza, mdogo wangu, umechomwa wapi? Akaonyesha nyuma huku. Nikamwambia fungua mdomo nione. Akaufumba kama mtoto anayekataa dawa."

Walikikata kile kipande, wakatia kingine. Springi akafanya kazi mpaka jioni bila utani hata mmoja. Wasikilizaji, tuelewane hapa. Hakuwa mjinga. Hakuwa mchafu, alipiga mswaki kila siku, tena kwa nguvu. Alikuwa anaogopa.

Aliogopa nini? Baba yake aling'olewa meno yote akiwa na miaka arobaini na mitano. Springi alikuwa mlangoni siku baba aliporudi, mashavu yameingia ndani, mtu mzima analia bila kutoa sauti. Tangu siku hiyo, kwake daktari wa meno alikuwa mtu mwenye koleo, basi. Na fundi asiye na meno atashikaje misumari? Kila jino lililolegea, yeye aliona karakana inafungwa.

Sasa sikilizeni mambo yalivyokwenda. Mwaka jana kliniki moja ya meno ilimwita akatengeneze kiti cha wagonjwa, kile kirefu cha kumlaza mtu. Springi akachagua siku ambayo hakuna mgonjwa. Akakivua kiti ngozi yake ya zamani, akajaza misumari mdomoni, akaanza. Daktari wa pale ni mwanamke wa makamo, si mtu wa maneno mengi. Akaja kuangalia kazi, akakaa kwenye stuli yake. Lakini kiti hakukiangalia. Aliangalia mdomo.

"Fundi, hebu tema hiyo misumari."

Akatema kiganjani. Misumari ilikuwa na damu.

"Muda gani sasa?"

"Ah, daktari, hii ni kazi tu. Inachoma."

"Inachoma mbele. Wewe unatoka damu pande zote, mpaka nyuma ambako msumari haufiki. Na meno mawili ya chini yanacheza ukiongea, nimeyaona."

"Mimi nimekuja kutengeneza kiti, mama. Sijaja kukikalia."

Walicheka wote wawili. Kisha daktari akamwambia maneno ambayo amenisimulia mwenyewe kwa simu. "Tufanye hivi. Acha kutia misumari mdomoni wiki mbili. Damu ikikoma, nitakuja karakana kwako nikuombe radhi mbele ya watu. Isipokoma, si misumari. Ni ugonjwa wa fizi. Na vijidudu vyake havikai mdomoni tu, vinaingia kwenye damu, vinatembea. Uje nikusafishe. Mimi sing'oi jino linaloweza kupona."

Hakumwuliza habari za moyo. Alikusudia kumwuliza siku atakapokuja kama mgonjwa, kwenye ile fomu ya kwanza. Springi naye hakusema. Daktari anasema kila siku akikiona kile kiti anarudi kwenye yale mazungumzo na kuyaanza upya.

Springi akanunua mashine ya kupiga pini, ile inayoshikwa kama bunduki, ta-ta-ta, mdomo uko huru. Karakana nzima ikamtania. Bi Cherehani akamwuliza kama ameajiriwa jeshini. Yeye akacheka nao. Lakini kila asubuhi, kabla hawajafika, alikuwa anasimama nyuma ya mlango wa mabati na kutemea kipande cha kitambaa cheupe. Siku ya kwanza, damu. Siku ya tatu, damu. Siku ya saba alijidanganya kwamba imepungua. Siku ya kumi na nne alitema, akaangalia. Nyekundu ile ile. Wiki mbili mdomo haujaona msumari, na damu ni ile ile.

Ungefanya nini wewe? Mtu mwenye akili timamu angekwenda kliniki asubuhi hiyo hiyo. Springi alikuwa na akili timamu. Siku ya kumi na tano, mashine ya pini ilikuwa juu ya kabati, na misumari imerudi mdomoni.

"Mashine inapasua mbao," aliwaambia. Haikupasua ubao hata mmoja. Ukweli alimwambia mkewe baadaye sana, akiwa kitanda cha hospitali, na hivi ndivyo alivyousema: "Nilirudi kwenye misumari ili damu iwe na sababu."

Narudia, wasikilizaji wapendwa. "Nilirudi kwenye misumari ili damu iwe na sababu."

Homa ilianza miezi michache baada ya hapo. Ilikuwa homa ya mchana, ya saa tisa, saa kumi, inapanda taratibu. Wenzake wanajipepea kwa vipande vya kadibodi, yeye amevaa sweta. Akiamka shati limelowa. Akanunua dawa za homa duka la dawa. Homa ikashuka, ikarudi. Akanunua nyingine. Ikashuka, ikarudi. Mkanda wa suruali akautoboa tundu jipya kwa msumari, kisha la pili. Kuna siku walipandisha kochi la mteja ghorofa ya pili. Katikati ya ngazi Springi akalitua, akalikalia. "Nalijaribu," akawaambia waliobeba upande wa pili. Walicheka mpaka basi. Yeye alikuwa anatafuta pumzi na haioni.

Halafu vikaja vidole. Chini ya kucha vikatokea vimistari vyembamba, vyekundu vya kuiva, vimesimama wima. Anayeshika mbao akiona hivyo hana swali: ni vibanzi. Springi akachukua sindano, akaipitisha kwenye moto wa kiberiti, akaanza kuchokonoa. Hakuna kibanzi. Akampelekea Bi Cherehani mkono wake. Bi Cherehani akavaa miwani, akausogeza chini ya taa ya cherehani, akachokonoa kidole kimoja baada ya kingine.

"Hamna kitu humu, mdogo wangu. Ni damu. Imekaa ndani ya nyama yenyewe. Halafu mkono wako mbona unawaka?"

Springi akauvuta mkono wake. Akainama, akavua kiatu, akavua soksi. Kwenye kidole gumba cha mguu, chini ya kucha, kulikuwa na kimistari kingine.

Bi Cherehani anasema alijiuliza swali moja tu. Kibanzi cha mbao kitaingiaje ndani ya kiatu na soksi? Alizima cherehani, mshono ukiwa nusu. Akachukua mkoba wake, akamkamata mkono yule mwanamume mzima mwenye kiatu kimoja, akampeleka hospitali. Hakumwomba ruhusa.

Kule wakakutana na daktari wa moyo, mtu wa sauti ya chini. Akasikiliza kifua muda mrefu mno. Akaangalia kucha. Kisha akauliza, "Baba, meno yako yakoje?"

Springi akaruka. "Nimekuja na homa, wewe unaniuliza meno?"

"Nakuuliza meno kwa sababu ya hiyo homa."

Mama Mapacha alikuwa ameshafika, mbio, kutoka shuleni anakofanya kazi ya ukarani, bado ana kalamu kwenye nywele. Anasema mumewe alijifunika mdomo kwa kiganja, na machozi yakaanza kushuka juu ya vidole. Hakuna aliyemwambia kitu bado. Yeye alikuwa ameshaelewa.

Nitaeleza alivyoeleza daktari, kwa lugha yetu sote. Fizi zikiugua zinakuwa kidonda kilicho wazi, tena mahali penye bakteria wengi. Ukitafuna, ukipiga mswaki, bakteria kadhaa wanaingia kwenye damu. Kwa mtu mwenye moyo mzima, mara nyingi mwili unawamaliza. Kwa mwenye kovu kwenye milango ya moyo, wanaweza kupata pa kunasa. Wakinasa wanaongezeka, wanaula ule mlango taratibu. Vipande vidogo vinakatika, vinasafiri na damu mpaka kwenye kucha za mikono na miguu. Ndicho kilichompata Springi.

Na wewe usiye na kovu usianze kujipongeza. Madaktari wameona kwamba watu wenye ugonjwa mkubwa wa fizi hupatwa zaidi na maradhi ya moyo na mishipa. Kwa nini hasa, bado wanachunguza, maana sigara na kisukari navyo vinaharibu fizi na moyo kwa pamoja. Sitawaambia kwamba kila fizi inayotoka damu ni moyo unaokufa. Huo utakuwa uongo, na mimi siutangazi uongo hapa. Ninachosema ni kwamba damu ya mdomoni ndiyo damu ile ile inayopita moyoni.

Alilazwa. Dawa ilipita kwenye mshipa, kila siku, na aliambiwa ajiandae kwa wiki sita. Walimpiga kipimo cha picha ya moyo, naye akaomba aone. Kwenye skrini mlango ulikuwa unafunguka na kufunga, na juu yake kitu kinapeperuka, kama uzi uliosahaulika kwenye mshono. Akauliza, "Hauwezi kukatwa huo?" Daktari akamwambia kwanza wawaue bakteria, kisha watazungumza habari za upasuaji. Springi akauangalia ule uzi mpaka walipozima mashine.

Siku ya tano homa ikashuka. Siku ya tisa akaanza kulisema godoro la hospitali. Dada yake akashusha pumzi, akaenda nyumbani kuoga. Mama Mapacha hakushusha. Anasema alikuwa anakaa pale kitandani roho iko juu, anahesabu kifua kikipanda, kikishuka, na kikichelewa kidogo tu yeye anasimama.

Yule daktari wa meno naye alikuja. Akasimama miguuni pa kitanda. Springi akafungua mdomo mwenyewe, bila kuambiwa, ukaonekana wote. Daktari akawasha tochi, akaangalia jino moja moja. Nilimuuliza kwa simu aliona nini. "Mengi yangepona," akasema. "Pengine ningeng'oa mawili."

Siku ya kumi na sita, saa nne asubuhi, jua limeingia mpaka katikati ya wodi. Mama Mapacha alikuwa anamnyoa ndevu. Springi anaongea, povu la sabuni limejaa kidevuni. "Godoro hili nikitoka nitawa... nitawa..." Neno likakwama. Akajaribu tena. Upande mmoja wa mdomo ukashuka, na povu likadondoka kwenye shuka.

"Nilidhani ananitania," anasema mkewe. "Nikamwambia acha bwana, nitakukata."

Kipande kilikuwa kimekatika moyoni, kikapanda kichwani. Kiharusi. Springi hakusema neno jingine. Siku mbili baadaye, mchana, akafariki, mabinti zake wamemshika mikono, mmoja huku mmoja huku.

Wasikilizaji wapendwa, mimi nilidhani simulizi inaishia hapo. Jana nilikuwa nimeshakunja karatasi zangu. Nikamsomea Mama Mapacha nilichoandika, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Bado. Umeandika yeye alificha. Mimi hujaniandika." Nimemsogezea kipaza sauti. Mtamsikia mwenyewe.

"Ilikuwa Jumapili, mwaka jana. Jumapili hafanyi kazi. Nyumbani hatuna kochi la kutengeneza, hata nyundo hakuna. Nilikuwa napita mlango wa bafu, ulikuwa haujafungwa vizuri. Nikamwona mbele ya kioo, mswaki mkononi. Kabla hajaupeleka mdomoni, alitoa misumari kwenye mfuko wa kaptula. Minne, mitano. Akaitia mdomoni. Akaizungusha zungusha. Akaitoa, akaipanga ukingoni mwa sinki, mahali ambapo nitaiona. Halafu ndiyo akapiga mswaki."

Ukafanya nini, mama?

"Nilirudi jikoni, nikatia chai."

Hukumwambia kitu?

"Nilimwambia. Alipokuja mezani nikamwambia, 'Baba Mapacha, yaani hata Jumapili na misumari yako?' Akacheka. Akasema, 'Kazi hii itaniua.' Na mimi nikacheka." Hapa ameweka kikombe cha maji mezani. "Nilijua. Unaona? Nilijua anaogopa. Niliogopa kumvua nguo. Niliogopa na mimi, nikisema kwa sauti, itakuwa kweli. Toka siku hiyo kila Jumapili nilikuwa naikuta ile misumari kwenye sinki. Naiosha. Naikausha kwa taulo. Namrudishia mfukoni."

Kila Jumapili?

"Kila Jumapili. Mpaka alipolazwa."

Mama Mapacha, pole. Pole sana, mama yangu. Umekuja na jambo ambalo wengi wangekwenda nalo kaburini, na umelisema watu wote wanasikia. Hukumuua mumeo. Mlikuwa wawili mnaoogopa kitu kimoja ndani ya nyumba moja, kila mmoja anamlinda mwenzake asikione. Pole kwa mabinti. Pole kwa dada yake aliyembeba mgongoni. Pole kwa Bi Cherehani, ambaye ameniambia karakana sasa kuna kimya mpaka anasikia sindano yake ikigonga chuma. Sisi wote wa kituo hiki tunawapa mkono wa rambirambi, na tunamwombea Springi apumzike pema.

Sasa zamu yenu. Kesho asubuhi ukipiga mswaki, ukitema, usikimbilie kufungua bomba. Angalia kwanza. Ukiona wekundu, na kesho kutwa ukauona tena, nenda ukaonwe. Fizi zinatibika. Na kama uliwahi kuambiwa, hata ukiwa na miaka tisa, kwamba moyo wako una kovu, mwambie daktari wa meno kabla hujakikalia kiti chake.

Lakini nililotaka kulisema hasa ni kwa yule mwingine. Wewe ambaye fizi zako ni nzima. Wewe unayefua foronya yenye doa na kunyamaza, unayesikia bomba la bafu linafunguliwa haraka haraka na kujifanya hujasikia. Unamjua ninayemsema. Yuko chumba cha pili hapo. Mfuate leo, mwambie afungue mdomo uone. Atacheka, atakuita daktari, atasema ni mswaki mgumu. Akiufumba, usirudi jikoni. Baki hapo hapo mlangoni.